Mzee wa Ng'ambo ya Mto

Nakumbuka Jumamosi moja ya Iringa, mwanangu, na hata nikianza kusahau majina ya wajukuu, hiyo haitoki. Nimeisikia habari ya uchumba wako, na nimesikia pia kwamba mila za ukweni zinakutia hofu. Kaa hapo. Mimi nilizaliwa Mwaya, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nikaolewa na mtu wa Rungwe, kwa hiyo mila hizo nimezila na kuzinywa.

Kwetu Wanyakyusa, mkamwana hamwoni baba mkwe wake. Simaanishi kwamba anamwona akainamisha macho. Namaanisha hamwoni kabisa. Akisikia anakuja, hutoka njiani akajificha hata kama ni kwenye miiba. Hamgusi, hali naye, na jina lake halitamki. Mpaka leo jina la mkwe wangu, babu yako, silitamki, na amekwisha kuzikwa zamani, kwa hiyo usinichokoze. Mashangazi waliponifunda waliniambia kwamba mkamwana anayevunja mwiko huo tumbo lake hufunga. Nilikuwa na mwaka na ushei kwenye ndoa na mtoto bado, basi fikiria jinsi nilivyoushika.

Miaka hiyo ya hamsini baba yako, Ambakisye, alikuwa karani pale Iringa, na mimi nilifundisha watoto wa darasa la kwanza. Baba yake alikuwa akija kututembelea kwa lori, akifikia kwa ndugu yake wa ng'ambo ya mto. Akija nyumbani kwetu alikohoa akiwa bado mbali, nami nikakimbilia jikoni. Kikohozi chake kilikuwa cha aina yake, kirefu, kinaanzia chini halafu kinapanda, kama lori linalobadilisha gia mlimani. Nilikijua kikohozi kile kuliko nilivyojua nyimbo za kanisani. Uso wenyewe sikuwahi kuuona.

Sasa, nilikuwa na rafiki, mwalimu mwenzangu, Mhehe aliyeitwa Felista. Huyu alikuwa na wazimu wa ndege. Aliazimwa darubini na padre mmoja aliyependa ndege kama yeye, na Jumamosi ile akanipitia asubuhi. Tulianzia bustani ya mjini, ambako ndege wadogo waitwao chozi walikuwa wakinyonya maua na kwera, wale wasusi wa viota, wakigombana juu ya viota vyao. Tukapita kwenye ofisi za serikali kutazama mbayuwayu wakiingia na kutoka chini ya paa. Watu walitucheka. Karani mmoja alituuliza kama tunatafuta nyama ya mchana, na Felista akamjibu kwamba yeye amekonda mno hatufai. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mchana tukateremka mpaka Ruaha Mdogo. Mvua ilikuwa imenyesha milimani na mto umejaa, maji mekundu yanakwenda kwa nguvu. Tukakaa kwenye majani ukingoni, tukala mihogo ya kuchemsha. Upande wa pili, juu ya mti, fundichuma alikuwa akijenga, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, anayerundika vijiti mpaka nyumba yake inatosha mtoto wa mtu kulala. Felista akanipa darubini nimtazame.

Nikamtazama. Halafu nikashusha darubini kidogo, na juu ya jiwe chini ya mti ule nikaona mzee amekaa. Alivaa koti na kofia ya pama, na ndevu zake zilikuwa nyeupe upande mmoja kuliko mwingine. Naye alikuwa akimtazama fundichuma. Ndege akidondosha kijiti, mzee anacheka peke yake, mabega yanatikisika. Nilimpenda pale pale. Nikamwambia Felista, njoo umwone mzee mwenzio wa ndege, na nikaendelea kumkodolea macho bila haya, mikunjo ya shavu, jino lililong'oka, kila kitu.

Kisha yule mzee akakohoa.

Mwanangu, nilimjua papo hapo. Kikohozi kilikuja juu ya maji, kikaanzia chini, kikapanda. Darubini ilinidondoka ikaning'inia shingoni kwa mkanda wake. Nilikuwa nimemtazama baba mkwe wangu usoni, nikamhesabia mpaka meno. Nilijitupa chini nikajifunika kanga kichwani, na Felista ananiuliza nimeumwa na nini.

Nikiwa chini vile nikasikia Felista akisema, "Ameanguka."

Mzee alikuwa amesimama aondoke, na jiwe lilikuwa na utelezi. Nilipoinua kanga sikuliona koti juu ya jiwe. Niliona kofia ikienda na maji, na mkono ukitokea na kuzama. Ukingo wote ule hapakuwa na mtu mwingine. Felista alikulia milimani kwao, maji aliyoyajua ni ya ndoo. Mimi ni mtoto wa ziwa, nimeogelea kabla ya kujua kuchunga mbuzi.

Sikumbuki kuvua viatu wala kumtupia Felista darubini. Nakumbuka baridi, na nakumbuka nilivyomshika kwa ukosi wa koti, halafu kwapani, halafu nikamkumbatia kifuani kwa nguvu zangu zote kwa sababu maji yalitaka kuninyang'anya. Tukatokea upande wetu, mbali kule chini, Felista akatuvuta kwa tawi. Mzee akatapika maji. Akafumbua macho, akaniona, na nikaona kwamba amenijua, labda kwa picha yetu ya harusi ukutani. Kanga yangu ilikuwa imekwenda na mto, nilikuwa kichwa wazi.

Basi mzee yule, ambaye hata pumzi hajazipata vizuri, akavuta koti lake lililolowa akajifunika uso. Akasema kutoka ndani ya koti, akimwambia Felista, "Mama, mwambie huyo binti akakae juani. Atapata homa."

Nilimwachia Felista mzee, nikaenda nyumbani nikilia. Nikamweleza mume wangu yote, tangu darubini mpaka tawi. Nilidhani ataniuliza baba yuko wapi, amepona? Aliniuliza, "Umemshika wapi?"

Nikamwambia nimemshika kifuani.

"Ungeita mwanamume."

"Hakuwepo."

"Ungepiga kelele mpaka aje. Na kwa nini ulimtazama na hiyo mashine?"

Nilipigwa na butwaa kuliko nilivyopigwa kule mtoni. Huyu ndiye mtu wa tai shingoni na kalamu mfukoni, msomaji wa magazeti. Akaniambia nifungashe, kesho nipande lori nirudi Mwaya, mashangazi wakaone la kufanya, na kama tumbo limefunga wajue wao. Nilikuwa nakunja nguo zangu, machozi yanadondokea kwenye nguo, ndipo nikasikia kikohozi nje. Nikakimbilia jikoni kama siku zote. Miguu ilikwenda yenyewe.

Kuta za nyumba ile hazikufika juu kwenye bati, na mzee alilijua hilo. Alikaa, akaongea na mwanawe kwa sauti ya mtu anayeongea na wawili.

"Mkeo ananikwepa tangu mlipooana. Nimekuwa nikimshukuru Mungu kwa mkamwana wa namna hiyo. Leo angenikwepa, saa hizi ungekuwa unatafuta majembe ya kuchimbia kaburi."

"Baba, lakini watu watasema."

"Watu gani? Wangekuja msibani, wakala wali wako, wakaenda zao. Mwiko huu wazee waliuweka ili mkamwana akae kwa amani karibu na mkwe wake. Hawakuuweka ili mkwe afe maji. Na kanga yake imechukuliwa na mto. Kesho kamnunulie nyingine, ndipo ufikirie habari za lori."

Ambakisye alijisogeza. Nilisikia kiti kikilia. Mzee akakohoa kidogo, akasema kwa Kinyakyusa, polepole, "Ndaga fijo." Asante sana. Hakusema mwambie mkeo. Alijua nimesikia, nami nikaweka paji la uso ukutani nikalia tena.

Kisha akauliza, "Hivi alikuwa anafuata nini kule mtoni?"

"Ndege, baba."

Akasema, "Yule anayejenga kwa vijiti ni fundi kweli. Nikija tena, Jumamosi nitakaa pale pale, mbali kidogo na utelezi. Ndege wa pale mtu hawamalizi kwa siku moja."

Lori sikupanda. Na tumbo halikufunga, kama unavyojiona mwenyewe hapo ulipokaa. Mzee alikuja mwaka uliofuata, na wakati huo nilikuwa na mimba ya kaka yako mkubwa. Nyumbani alikohoa, nami nikakimbilia jikoni, na hatukuacha hivyo mpaka alipokufa. Lakini Jumamosi nilikwenda mtoni na Felista. Nikainua darubini nikamtafuta fundichuma, nikashuka taratibu mpaka kwenye jiwe. Alikuwepo. Akakohoa. Halafu akavua kofia, akaiweka gotini, akageuza uso wake juani na kukaa kimya, macho yakiwa juu kwa ndege. Nilimtazama baba yangu yule mpaka nikashiba. Nilipoishusha darubini akavaa kofia yake.

Kwa hiyo, mwanangu, nenda ukaolewe. Mila za ukweni zishike, usizicheke, maana nyingi zimewekwa na watu waliokupenda kabla hujazaliwa. Lakini ukikuta mtu anazama, mtoe kwanza. Funika uso baadaye. Na mume wako akisahau lipi kubwa na lipi dogo, usifungashe haraka kama mimi, ngoja kidogo usikie nani anakohoa mlangoni.

Mungu akupe nyumba yenye watoto na wakwe wenye akili. Na siku utakapoteleza wewe, awepo mtu ng'ambo ya mto anayekijua kikohozi chako.