Amina Iliyomponyoka Yaya

Nyumba yetu ya Kamembe ilinuka sambaza. Ilinuka asubuhi, mama alipowaanika samaki wale wadogo wa Ziwa Kivu juu ya bati. Ilinuka mchana, jua lilipowakausha mpaka wakawa wanavunjika mkononi. Na Jumapili ilinuka pia, hata tukijipaka mafuta mpaka tung'ae. Shuleni waliniita Kasambaza, nami niliitika, maana mwenye kununa ndiye anayetaniwa zaidi. Lakini harufu ile ikinijia leo, hata nikipita tu sokoni, nageuza njia. Samaki hawana kosa. Ni likizo moja ya msimu wa jua, nilipokuwa na miaka tisa, likizo ambayo nililala na hofu na kuamka nayo. Watu wakiniuliza dada yangu alianzaje, huyo anayeimba sasa katika viwanja vya nchi ambazo majina yake siwezi hata kuyatamka vizuri, wanatarajia niwasimulie kipaji. Mimi nakumbuka kuogopa.

Tulikuwa watatu nyumbani: mama, yaya Neema na mimi. Yaya kwetu ni yule aliyekutangulia kuzaliwa, awe dada au kaka. Baba, Mnyarwanda aliyekulia Kongo, alituleta upande huu wa mto Rusizi, Rwanda, kisha akafariki mapema. Mama ni Mshi wa Bukavu, ng'ambo, na huku hakuwa na ukoo. Ukoo wake ulikuwa kanisa. Wanawake waliovuka naye daraja la Rusizi kila asubuhi, beseni kichwani, ndio waliosali naye Jumatano. Ndio waliomsaidia kumzika baba. Ndio waliokuja na uji nilipougua malaria. Yeye ndiye aliyewaongoza katika maombi, na cheo hicho kidogo kilimnyoosha mgongo kuliko chakula. Neema naye, akiwa na miaka kumi na saba, alikuwa mwimbishaji wa korali. Kwetu wimbo hauishi hivi hivi. Ukifika mwisho, mwimbishaji hutoa Amina moja ndefu, inayopanda na kuteremka, na kanisa zima humjibu. Amina ya Neema ilikuwa na mkunjo wake mwishoni, karibu kama kicheko, na waumini walioketi nje kwa kukosa nafasi waliijua bila kumwona mwimbaji.

Sasa, kanisa letu lilikuwa na sheria, na sheria hiyo hata watoto tuliijua. Mwanakorali akiimba nyimbo za dunia husimamishwa. Jina lake husomwa Jumapili, vazi la korali hurudishwa, naye haikaribii Meza ya Bwana mpaka asimame mbele ya wote na kutubu. Nilishamwona kijana mmoja akitubu kwa ajili ya harusi aliyoipigia gitaa, na tangu siku hiyo niliziogopa hata redio za watu. Kwa hiyo fikirini hali yangu nilipogundua kwamba yaya, akitumwa na mama kupeleka sambaza kwa wanunuzi wa Kadutu huko Bukavu, alikuwa akipitia chumba kimoja cha kurekodia muziki. Mwenye chumba aliitwa Fiston, kijana mwembamba aliyekuwa amezigongomea kuta zake trei za mayai ili kelele za nje zisiingie. Alikuwa amemsikia Neema kanisani siku korali yetu ilipoalikwa Bukavu, na akamwambia ana wimbo unaomngoja. Mimi nilichukuliwa kwa sababu msichana anayetembea na mdogo wake hakuna anayemuuliza anakokwenda. Yaya hakuniambia nifiche. Alininunulia tu beinye, yale maandazi ya duara, akanitazama, nami nikaelewa. Usiku niliota jina letu likisomwa kanisani.

Siku ya kurekodi tulivuka mapema, tukagawa samaki mbiombio, tukafika kwa Fiston saa nane. Umeme haukuwepo. Tukaketi. Wimbo wenyewe ulikuwa wa mapenzi, wa binti anayemngoja mwanamume aliyekwenda kuchimba dhahabu na kuahidi kurudi mahindi yakikomaa. Neema aliupitia polepole bila mashine, miguu imening'inia kutoka kwenye meza, nami nilikuwa mlangoni nikilitazama jua. Mpaka ulifungwa saa kumi na mbili jioni, na aliyebaki ng'ambo alibaki. Saa kumi umeme ulikuwa bado. Saa kumi na nusu, bado.

"Yaya, tuende," nikasema. "Bariyeri itafungwa. Maman atatuua."

"Ngoja kidogo. Nitaimba mara moja tu, njo tunaenda."

"Tuliza roho, katoto," Fiston akaniambia. "Kuran iko inarudi. Kila siku inarudiaka."

Umeme ulirudi wakati vivuli vya nyumba vilikuwa vimeshavuka barabara. Neema aliingia kwenye kona ya trei za mayai, akafumba macho, akaimba kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukosea, nami kwa dakika hizo chache nikasahau mpaka. Nilikuwa nimemsikia yaya maisha yangu yote, lakini nikiwa katikati ya watu. Sikujua kwamba akiwa peke yake anaweza kumfanya mtu amwonee huruma binti ambaye hayupo. Kisha wimbo ukaisha, na mazoea yana taabu. Mdomo wake, uliozoea madhabahu, ukatoa Amina. Ndefu, inayopanda na kuteremka, na mkunjo wake mwishoni.

Fiston akashika kichwa, akacheka mpaka akaketi chini. "Sasa weye, Amina ya nini kwa wimbo ya mapenzi? Turudilie mwisho." Hajamaliza kusema, umeme ukakatika tena. Neema alimsihi aikate Amina hiyo baadaye, naye akaapa ataikata. Tulipanda pikipiki moja sote wawili, tukateremka vilima vya Bukavu nikiwa nimefumba macho, na tulifika darajani askari ameshaanza kukivuta kizuizi. Upande wa pili mama alikuwa amesimama na beseni tupu, kiganja kimeziba mdomo.

"Mulikuwa wapi?"

"Bale ba sambaza balituchelewesha, maman," yaya akajibu.

Mama akajitwika beseni, tukaondoka. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi niliyetembea nyuma yao kupanda Kamembe nilikuwa nikiipima kwa macho.

Fiston hakuikata. Alisema baadaye kwamba alijaribu, na kila aliyeusikia wimbo bila Amina aliuliza kwa nini umeishia hewani. Basi ukatoka nayo. Siku zile nyimbo zilisafiri kwa simu: unakipelekea kibanda simu yako, kijana wa kompyuta anakujazia muziki, unaondoka. Wimbo ukavuka daraja bila kuonyesha kitambulisho. Nikausikia kwa kinyozi, nikausikia kwenye basi dogo la Nyakabuye, nikausikia kwa watoto wa jirani wakiruka kamba, na kila mara nilitamani ardhi inimeze. Mbaya zaidi, nikamsikia mama. Alikuwa akigeuza samaki juu ya bati, akiuimba kwa puani wimbo wa binti na mwanamume wa dhahabu, maana alikuwa ameuokota njiani kama watu wote na hakuwa ameusikia mpaka mwisho. Neema alikuwa akifua. Tulitazamana, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba naye anaogopa. Hilo liliniumiza. Nilidhani hofu yote ya nyumba nilikuwa nimeibeba mimi.

Mwisho wa wimbo mama aliusikia sokoni, mbele ya wenzake wa maombi, kutoka kwenye redio ya muuza nguo. Nilikuwa nimeketi miguuni pake. Amina ilipopigwa, kina mama wawili waliitikia "Amina!" kabla hawajajua wanachokiitikia. Kisha wakageukiana. Mmoja, Maman Furaha, akasema taratibu, "Maman Neema, ile sauti haiko ya mutoto wako?" Mama alicheka. Halafu kicheko kikamfia usoni. Akajifunga kitenge upya, akaendelea kupima samaki, na mikono yake ikawa inamwaga kila anachochota.

Jumapili jina lilisomwa. Mchungaji, mzee mpole aliyembatiza Neema, hakulisoma kwa ukali, na upole wake ndio ulionitisha. Kwake kosa halikuwa mapenzi peke yake. Kosa lilikuwa Amina ya kanisa kubandikwa kwenye wimbo wa dunia. Neema alisimama mbele akiwa na vazi la korali limekunjwa mikononi. Akaulizwa kama anatubu. Neno moja tu, na mama angebaki na ukoo wake. Nilimtazama mama. Alikuwa ameinama, akikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

"Pasta," Neema akasema, "kwa kudanganya maman, natubu. Maman, unisamehe. Ile Amina nayo ilitoka yenyewe, sikutaka kumuchezea Mungu. Lakini kuimba, siwezi kutubu. Nikisema natubu nitakuwa nadanganya hapa mbele yenu bote, na nitarudilia kesho."

Mchungaji alingoja. Alingoja sana, maskini, kama mtu anayemshikia mwenzake mlango. Neema akaliweka vazi juu ya benchi, akatoka kwa mlango wa pembeni. Jumatano iliyofuata kundi la maombi lilipata kiongozi mwingine. Hakuna aliyemtukana mama; walimpa pole, wakamwachia nafasi pana kwenye benchi, na darajani wakaanza kuvuka mbele yake kidogo. Nyumbani mama na yaya walisemezana mambo ya chumvi na maji tu. Mimi nilikuwa katikati, nikipeleka maneno jikoni na kurudisha mengine, nikihofia kwamba siku moja nitaamka nimkose mmojawapo. Na kweli, kabla shule hazijafunguliwa, watu wa muziki wa Kigali walikuja kumtafuta msichana wa Amina. Alipanda basi la kupitia msitu wa Nyungwe. Mama hakumkataza wala hakumbariki. Alimfungia sambaza wa kukaanga kwenye mfuko, akarudi ndani kabla basi halijaondoka.

Yaliyofuata mnayajua, maana yamo kwenye simu zenu. Kigali, Nairobi, Kinshasa, kisha Ulaya. Dunia inamwita kwa jina jingine ambalo mama hulitamka kama jina la dawa. Nimemwona kwenye kioo cha simu akimaliza ule wimbo wake wa kwanza, umati wa watu weupe kwa weusi ukimjibu Amina mpaka spika zinakwaruza, na moyo wangu ukadunda kwa hofu ileile, kana kwamba kuna mtu atakayesoma jina. Amemjengea mama nyumba ya vigae. Amerudi nyumbani mara nyingi, wakasameheana zamani, wakacheka, wakalia. Lakini kanisani hakuwahi kukanyaga tena, mpaka mwezi uliopita.

Alikuja bila kutangaza, kilemba kichwani, akaketi kati ya mama na mimi kwenye benchi la nyuma. Mzee mchungaji ameshafariki; aliyepo ni kijana ambaye nina hakika nyimbo za yaya anazo, ila sheria haikuzikwa na mzee. Aliyesimamishwa na hajatubu haimbi na korali wala hagusi kipaza sauti, hata awe ameimbia marais. Ukaanza wimbo wa kanisa zima. Vichwa vikageuka. Simu mbili tatu zikainuliwa. Nikamtazama yaya: midomo imebanwa, macho sakafuni, mikono imeshikana mapajani. Mwanamke anayesimama mbele ya maelfu bila kumeza mate alikuwa anaogopa benchi la mbao la Kamembe. Nami nikaogopa pamoja naye, kama zamani, nikitamani wimbo uishe.

Mama, macho yamefumbwa, akamgusa kwa kiwiko.

"Imba, mutoto wangu," akamnong'oneza. "Nani alikuomba ushike mikro?"

Yaya akaimba. Kwa sauti ndogo, nyuma ya sauti ya mama, akikosea maneno ya ubeti wa pili.