Nondo wa Mama Patience

Kule Kwapa, Uganda, karibu na mpaka wa Kenya, nondo mdogo mweupe akiingia nyumbani, watu husema mgeni yuko njiani. Basi hakuna anayemuua. Apendi, mama mmoja wa hapo, alishamwona nondo akachinja kuku kabisa. Mgeni hakuonekana, kuku akaliwa na wenye nyumba.

Wifi yake, Kevina, mama Patience, ni mtu wa sala na mpole, ila ana ugonjwa wake mmoja: kutazama vitu vidogo. Akimaliza sala ya asubuhi utamkuta ameinama kwenye majani ya biringanya, kanga inaburutika kwenye umande.

"Wifi, leo umeona malaika gani?" Apendi humuuliza.

"Nondo wa aina mbili. Mmoja mweupe pee, kama karatasi. Mwingine ana madoa ya kahawia kwenye mabawa, na akitua anainua mkia."

"Kama wewe ukipalilia!"

Wanawake wa kikundi cha kanisa hucheka, na Kevina hucheka nao.

Mwezi wa sita hakuna aliyecheka. Maurine, mama wa sokoni Busia upande wa Kenya, ndiye peke yake aliyekuwa akinunua biringanya za kikundi. Siku hiyo alirudisha magunia matatu. Kila aliyokata ilikuwa na funza.

"Kina mama, nawapenda, lakini wateja wangu hawataki nyama ndani ya mboga. Nawapa mwezi mmoja. Nikikuta funza tena, natafuta shamba lingine."

Kevina alichukua biringanya mbili zenye funza, akazitia kwenye mkebe wenye udongo kidogo, akafunika kwa kipande cha neti. Kila siku akachungulia. Siku ya kumi na mbili akaubeba mkebe hadi kanisani, na baada ya ibada akawaonyesha wenzake. Ndani alikuwa ametua nondo mweupe mwenye madoa, mkia juu.

"Mama wa funza ni huyu."

Apendi akatoa macho. "Yesu wangu! Na mimi nilichinja kuku kwa ajili yake!"

"Mimi nimekosea zaidi, wifi. Lile rundo la biringanya mbovu kando ya shamba, nilisema tuliache liwe mbolea. Kumbe nilikuwa nawalea."

Jioni hiyo hiyo rundo likachomwa. Tangu hapo, kila asubuhi wanawake wote waliinama, wakikata ncha zilizonyauka, ambamo funza hujificha, na kugeuza majani kuwasaka nondo.

"Huyo wa karatasi mwacheni, hana kosa!" Kevina alipiga kelele.

"Wifi, mimi naona weupe tu!"

Mwezi ulipotimia Maurine akaja na kisu chake. Akakata moja, akakata ya pili, akafika ya ishirini. Midomo ya Kevina ilikuwa ikicheza kwa sala. Maurine akafuta kisu.

"Pakieni. Nani amewafundisha hii kazi?"

"Ni huyu," Apendi akasema, akimsukuma Kevina mbele. "Lakini usimuulize kitu, mama. Akianza kukueleza, mpaka wa Kenya utauvuka kesho."