Sekunde Tisa
Binti wa dirishani anabonyeza kompyuta kwa vidole viwili tu, polepole, huku akipuliza chai, na hilo ndilo linalomkera zaidi mzee wa programu. Faili la wagonjwa alilolijenga mzee, kila taarifa ndani ya tagi yake, yaani alama zake za kufungua na kufunga, lilifunguka kwa dakika nne. Binti kaja juzi, kageuza majina na umri kuwa sifa, maneno mafupi yanayokaa ndani ya tagi moja ya kila mgonjwa, sasa ni sekunde tisa.

“Linafunguka vizuri, mzee?”

“Siyo mbaya.”

Mzee alimsubiri ajikwae kwenye namba za simu, maana wagonjwa wenye namba mbili hawatoshei kwenye sifa moja. Leo mzee kachungulia faili. Namba za simu hazijaguswa, kila moja bado ina tagi yake, na pembeni binti kaandika: “Hapa mzee alipatia.” Hapo ndipo roho ilipomuuma mzee kweli.