Besi Inasema Nini

Shemeji yangu Bernadi ni mtu wa maneno machache, na hata hayo machache huyasemea kifuani. Dada yangu Lidia ameishi naye miaka na bado humwuliza "Eti?" mara mbili kabla ya kumjibu. Wahenga waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu, nadhani walimwona yeye, maana mtu huyuhuyu asiyesikika mezani ndiye mpiga besi wa kwaya yetu hapa Mbinga, na akiligusa gitaa lake vioo vya kanisa vinatetemeka.

Alijifunzia kwenye gitaa la debe, nyuzi zake zikiwa waya za breki ya baiskeli. Biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kupanda huku na malori yao, kila nyumba ikawa na chochote cha kuchangia, na parokia ikanunua vyombo: magitaa ya solo, rithimu na besi, spika na jenereta. Vijana waligombania solo mpaka wakatishiana ngumi. Besi haikutakiwa na mtu. Gitaa la nyuzi nne nalo gitaa? Bernadi akaliokota, akaenda kukaa nalo nyuma ya waimbaji wa sauti ya tatu, wale wa tena, na baada ya miezi kadhaa watu wakawa wanatoka misani wakisema, "Leo besi ya Bernadi imesema." Sifa hiyo aliipenda kuliko sahani ya nyama. Naomba mlikumbuke neno hilo, "imesema", kwa sababu ndilo lililokuja kutupotosha.

Sasa, Bernadi ana mama yake, Bibi Ida, Mnyasa wa Mbaha kule ziwani. Aliolewa huku milimani kwa Wamatengo, akalima kahawa na mumewe hadi mumewe alipofariki, kisha akarudi kwao akasema baridi ya Mbinga imemtosha. Huko masikio yakaanza kumwacha taratibu. Kwanza zilipotea sauti nyembamba, ndege na watoto, halafu za wanawake, halafu za wanaume. Zikabaki nzito tu. Ngurumo anaisikia. Ngoma ya mganda ikilia kijiji cha pili, yeye ndiye wa kwanza kuinua kichwa na kuuliza nani ana sherehe.

Niliwahi kwenda naye kumwona, nikajuta. Bernadi amekaa mkekani kando ya mama yake, ananong'ona habari za shamba na za wajukuu. Bibi anauliza, "Umesemaje?" Anarudia, chini vilevile. "Umesemaje, mwanangu?" Basi anaacha, wanaanza kumenya muhogo. Nikamwambia, shemeji, paza sauti, si atakusikia? Akanitazama kama nimemtukana.

"Mimi nimpigie mama kelele?" akasema. "Majirani watasema namgombeza."

Ndivyo alivyolelewa. Mzazi hafokewi, hata kwa kumwambia kwamba wajukuu hawajambo.

Kwa hiyo habari ilipofika kwamba Mbaha wanafungua kanisa lao jipya na kwaya yetu imealikwa kuimba, Bernadi alicheka hadi tukaona magego yake. Hakueleza kitu, lakini Lidia na mimi tulielewa. Mama yake alihama kabla vyombo havijanunuliwa, hajawahi kumsikia akipiga besi. Na kama kuna sauti moja ya mwanawe ambayo masikio yale yangeweza kuipokea, ni ile ya nyuzi nne.

Mazoezi yakapamba moto. Siku moja malaria ikanilaza nikakosa kwenda, na jioni nikamwona Bernadi anaingia kwetu, akakaa kwenye kigoda, kofia magotini. Nikajua kuna msiba.

"Shemeji, mimi siendi Mbaha," akasema.

Nilimkamua maneno moja moja kama mtu anayekamua ng'ombe mkaidi. Mwenyekiti wetu, Mama Margareta, alisimamisha wimbo katikati mbele ya watu wote na kusema: "Besi inavuma tu, haisikiki inasema nini. Isiporekebishwa kabla ya safari, Mbaha hatuendi nayo."

"Nawe ukamjibuje?"

"Nikainama nikakunja waya."

"Hukumwuliza anataka irekebishwe vipi?"

"Kuuliza nini? Si amesema."

Kuuliza si ujinga, kila mtoto wa darasa la kwanza anaimba hivyo, lakini shemeji yangu siku hiyo wimbo huo alikuwa hajaufikia. Mimi nikawaka. Mwanamke gani huyu, besi anayoisifia kila Jumapili leo inavuma tu? Nilimsema Mama Margareta na homa yangu kitandani mpaka Lidia, aliyekuja kuniuguza, akanifunika shuka hadi mdomoni. Na kila nilipofikiria yule bibi amekaa kwenye benchi anatazama midomo ya watu ikifunguka na kufungika, hasira ilipanda upya.

Homa iliposhuka nikamburuta Bernadi hadi dukani kwa Kombo. Kombo ni mtu wa pwani aliyekuja Mbinga kuuza vitenge na kandambili, lakini tangu mipaka ilegezwe duka lake limekuwa na kila kinachotumia umeme: redio za kaseti, spika, tochi, na katika kabati la kioo, vile visanduku vya chuma vya kukanyagwa kwa mguu ambavyo wapiga magitaa huviita pedeli. Mara ya kwanza niliposikia neno hilo nilidhani Bernadi anatengeneza baiskeli. Gitaa unalichomeka kwenye pedeli, pedeli kwenye spika, ukiikanyaga sauti inabadilika tabia.

"Shikamoo, Baba Biubwa," nikamsalimu Kombo kwa jina la bintiye.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Ehe, mpiga besi, leo umeleta msemaji?"

Nikaeleza mimi, kwa kuwa tungemsubiri Bernadi duka lingefungwa tukiwa hapohapo. Kombo akawasha spika, akamwekea pedeli ya kwanza. Bernadi akapiga, na duka zima likajaa mngurumo wa nyuki waliochokozwa. Mteja aliyekuwa akipima kandambili akatoka na moja mguuni. Ya pili ilikuwa ya mwangwi: anapiga sauti moja, zinarudi tatu, zinakanyagana. Nikamwambia hiyo kanisani itamaliza wimbo baada ya padri kwenda kula.

Nikagundua kwamba kila akipiga, Bernadi anaweka kiganja chake cha kushoto juu ya kaunta, anasikilizia mbao, kisha ndipo anauliza kwa sauti yake ile ya kifuani, "Je, chini imebaki?"

"Wateja wengine husikiliza kwa masikio," Kombo akasema. Lakini nilipomweleza habari za Bibi Ida aliacha utani. Akavuta kiti, akakaa.

"Sikiliza, bwana mdogo," akamwambia. "Nisikuuzie uongo. Hizi nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya solo. Ukiivika besi, zinakula ile sauti ya chini. Ukitaka sauti inayosikika kila neno, ninayo hii ya tatu, inasafisha kabisa. Ila utalipia kwa uzito."

Bernadi akaikanyaga. Sauti ikatoka safi, kila noti imesimama peke yake, imenyooka. Kwa kweli ilikuwa nzuri. Akaweka kiganja kaunta, akakiacha hapo muda mrefu. Nami nikaweka changu. Mbao zilikuwa zimetulia tuli.

Hapo ndipo roho iliponiuma. Akiichukua, Mama Margareta ataridhika na Bernadi atapanda lori, lakini mama yake atakaa mbele yake asisikie kitu. Asipoichukua, atabaki Mbinga na uzito wake wote.

"Naichukua," akasema. "Bora nifike. Angalau aone vidole."

Kombo akaifunga kwenye gazeti.

Mazoezi ya mwisho yakafika. Bernadi akaweka pedeli yake sakafuni, akaifuta vumbi kwa kofia, akaikanyaga. Tukaanza wimbo. Hatukumaliza ubeti. Mama Margareta alinyoosha mikono yote miwili juu.

"Simameni! Bernadi! Gitaa linaumwa?"

Bernadi akaangalia chini. Mimi ndiye niliyesimama, na nilikuwa nimejiandaa wiki nzima.

"Mama Margareta, kwa heshima zote, wewe ndiye uliyesema besi inavuma na irekebishwe. Mtu wa watu ameenda kwa Kombo, amenunua chombo cha kuirekebisha, sasa unauliza linaumwa? Tushike lipi?"

Mama Margareta alinitazama, akamtazama Bernadi, akaitazama pedeli. Halafu akaweka mkono kifuani.

"Yesu wangu. Bernadi, ulifikiri nilikusema wewe?"

Bernadi akajibu kitu ambacho hakuna aliyekisikia.

"Nilisema besi!" Mama Margareta akageuka akanyoosha kidole kwenye benchi la nyuma, wanakokaa wazee wetu wa sauti ya nne. "Besi hawa! Wimbo mpya hawajui maneno, wanavuma tu mmm, mmm, kama mashine ya kukoboa mahindi. Gitaa ndilo linalotushika sote, nitaliachaje? Nikiliacha Mbaha tutaimba kwa kushikana mikono?"

Mzee Clemence, mkubwa wa besi, akasimama akiwa amenuna. "Na sisi tulishajirekebisha," akasema. "Wake zetu wametukaririsha mpaka tunaota. Unatusema tena ya nini?"

Kanisa likalipuka kwa vicheko. Wa tena walicheka, wa alto walicheka, mpiga solo alijilaza juu ya spika. Mimi nilicheka huku machozi yananitoka, na sikujua kama ni ya kicheko. Hasira yote ya wiki nzima iliniondoka nikabaki mwepesi, nikaenda nikamkumbatia Mama Margareta, ambaye hajui hadi leo nilimwita majina gani nikiwa kitandani. Bernadi aliinama, nikadhani anakunja waya tena. Alikuwa anachomoa pedeli. Akapiga ule uzi mnene, mmoja tu, na benchi nililoshikilia likatetemeka.

"Ehee," akasema Mama Margareta. "Huyo ndiye wetu."

Siku ya safari, lori likipita mjini, Bernadi aliomba tusimame kwa Kombo. Nilishuka naye. Kombo alipoiona ile pedeli akaanza na sheria zake, kwamba kitu kikishatoka dukani hakirudi. Nikamsimulia habari za Mzee Clemence na mashine ya kukoboa. Alicheka hadi akashika kabati, kisha akauliza, "Basi unataka nini badala yake?"

"Waya," Bernadi akasema. "Wa spika. Mrefu."

Ukawa mrefu kweli, Kombo aliukata kwenye bunda lake bila ubahili. Sikuuliza wa nini. Nilikuwa nimeshajua.

Mbaha kanisa lilijaa hadi madirishani. Bibi Ida aliwekwa benchi la mbele, kitenge kipya, mikono mapajani, uso wa mtu aliyezoea kukaa kwenye shughuli asizozisikia. Vijana waliweka spika zote pembeni kwetu, lakini Bernadi akaibeba ile ya besi peke yake, waya ukimfuata nyuma, akaishusha kando ya benchi la mama yake, mgongo wa spika ukagusa mbao. Katekista akataka kuuliza. Mama Margareta akamtikisia kichwa tu.

Tukaanza. Ubeti wa kwanza ni wa sauti za wanawake na solo, na mimi nikiimba nilikuwa namtazama bibi. Hakuna kitu. Anatazama midomo yetu. Kisha ubeti wa pili ukaja, wazee wa besi wakaingia na maneno yao yote, wazi, na Bernadi akaingia chini yao.

Bibi Ida aliinua kichwa. Akatazama paa, akatazama mlangoni kana kwamba kuna mganda unaokuja barabarani. Halafu akaweka kiganja juu ya benchi, akakiacha hapo, akaanza kutafuta kwa macho, kwa watu wa tena, wa alto, kwa wazee, mpaka akamfikia mwanawe aliyesimama nyuma amefumba macho. Hapo nikasahau kuimba. Jirani yangu alinifinya nikaendelea kuimba.

Baada ya misa tulikula kwake, ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwani. Bernadi akakaa mkekani kando ya mama yake, mahali pake pa siku zote. Akanawa, akageuka, akafungua mdomo aseme kitu kwa sauti yake ile ya kifuani, nami nikajiandaa kusikia "Umesemaje?"

Bibi akamwekea mkono kwenye goti.

"Usirudie, mwanangu," akasema. "Leo nimesikia."

Bernadi akafumba mdomo, akamega ugali, akala.