Siku Tatu za Kufunga, na Meli ya Vita

Mimi kutembea napenda, nisiseme uongo. Jumamosi ile nilikuwa wa kwanza kuvaa. Nikapika sambusa, nikajaza chai kwenye chupa, tukapanda treni hapa mtaani kwetu, Hallunda: mimi, binti yangu, mume wake na mtoto wao wa kike, miaka kumi na tisa. Huyo nimemlea mimi, mama yake akiwa kazini. Ananiita mormor, ndiyo bibi mzaa mama kwa Kiswidi.

Tulikuwa tunaenda kuangalia meli za vita za zamani, zimefungwa kwa kamba gatini pale mjini, watu wazitembelee. Nilivyocheka! Ngazi imesimama kama ukuta, mkwe wangu ananisukuma kwa chini huku kageuza uso kwa heshima, mimi namwambia sukuma baba, mimi siyo yai. Ndani vitanda vitatu vitatu, kama rafu za duka. Nikajilaza kimoja, miguu ikabaki nje.

Aliyetuonyesha alikuwa mzee, baharia wa zamani. Mjukuu wangu anamuuliza maswali, hayaishi. Kiswidi changu ni cha sokoni, sikufuata. Ila nikaona yule mzee anampa mkono, anampongeza. Binti yangu akaangalia viatu vyake.

Nikauliza, anapongezwa nini?

Mjukuu wangu akanishika mkono.

"Mormor, ule mtihani niliofaulu ulikuwa wa jeshi. Mwezi wa nane naingia kwenye meli."

Sasa sikilizeni. Ule mtihani mimi niliufungia. Siku tatu, maji tu. Barua ya kumwita kwenye mtihani niliipokea mlangoni kwa mkono wangu, kusoma sijui, yeye akaniambia ni mtihani wa shule. Nikaita akina mama wa kanisani, tukapiga magoti sebuleni, yeye katikati, tukamwekea mikono. Na akasema amina.

Wanajeshi ndio walionitoa kwetu Burundi. Mume wangu alibaki amelala uani, mimi nikakimbia na mtoto mgongoni. Mtoto huyo wa mgongoni ndiye huyu aliyekuwa anaangalia viatu.

"Mama, jeshi la hapa siyo kama la kule," akasema.

"La hapa bunduki zao zinatoa maziwa?"

Mkwe akaingilia, eti walitaka nizione meli kwanza, nizizoee. Kumbe wote walijua. Sambusa zangu walikuwa wanakula huku wanajua.

Mjukuu akaanza kulia, anasema aliogopa nitakataa.

"Ningekataa, ndiyo," nikamwambia. "Kukataa ilikuwa haki yangu. Umeninyang'anya, na magoti ukanipigisha."

Kwetu kanisani, ukifunga ukajibiwa, Jumapili unasimama unatoa shukrani. Na mimi, kwa furaha yangu, mchungaji nilishamwambia kitambo kwamba mtoto kafaulu. Kesho yake akaniita mbele. Akina mama wakapiga vigelegele kabla sijafungua mdomo. Mjukuu wangu amekaa mstari wa kwanza, ananitazama, macho yamevimba.

Nikasema, "Niliomba afaulu, amefaulu. Nilichokuwa naomba, sikuambiwa."

Basi. Vigelegele vikakatika, wa kuanzisha wimbo hakuna. Mjukuu wangu alikuwa ameweka koti lake kwenye kiti cha pembeni kunishikia nafasi. Akaliondoa nilipofika karibu. Nikampita, nikaenda kukaa nyuma kabisa.