Majani ya Mkunga na Mbwa wa Ukutani

Juzi nilikuwa katika ofisi moja hapa Bukavu, nikingoja karatasi ya safari. Mbele yangu mkunga mmoja wa Cimpunda aliweka mezani konzi ya yale majani laini ya kinamasi, ambayo sisi wanawake tunayalalia tukiisha kuzaa, yanywe damu.

"Papa karani, wenye shamba ya chai banakausha kinamasi yetu. Hii njo ya mwisho. Mubaambie baache."

Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu akanyoosha fimbo kwenye ngozi ya mbwa wa pori iliyopigiliwa ukutani.

"Ule mbwa alikuwa mwingi kwetu Kamanyola. Bazungu balitupatia sumu, tukatia mu nyama. Leo hata mumoja haiko. Lakini yeye, maman, alikuwa analia usiku, njo tukajua siku alinyamaza. Majani yako, nani atasikia?"

Watu wakacheka kidogo. Karani akavuta yale majani kwa ncha ya kalamu.

"Mu luga yenu ya Mashi munaiita je?"

Mkunga akataja jina, akidhani anasaidiwa. Karani akaliandika kwenye karatasi ndogo, akaifunga pamoja na majani ndani ya bahasha.

Mkunga akanyoosha mkono. "Hayo niko nayo kazi, papa. Kuna mwenye atazaa juma hii."

"Hapana, maman. Sasa iko ya ofisi."

Mkunga akatoka mikono mitupu. Yule mbwa wa ukutani, angalau, walimngoja afe kwanza, ndipo wakamfanya wa ofisi.