Mama Mkwe Aomba Nyongeza

Mama mwenye nyumba, pale Matsuyama, Japani, alikuwa na mikono isiyotulia. Kabla ya kila mlo alionja supu kwenye kisahani, akafuta mdomo wa kila bakuli kwa kidole gumba, kisha akakaa kuwasikiliza walaji wakitafuna. Kwa miaka ishirini na miwili mama mkwe wake alikula alichopewa, akasema, "Asante, nimeshiba," basi. Jumapili moja alipika Ndeye, mwanafunzi Msenegali waliyemkaribisha kuishi nao: wali na mchuzi mzito wa karanga. Mama mkwe alikomba bakuli, akalisukuma mbele ya Ndeye. "Niongezee, mwanangu. Leo nimekula."

"Leo ndiyo umekula, mama?" akauliza mwenye nyumba, akicheka kidogo.

"Ushaanza kununa," mumewe akamtania, mdomo umejaa.

Mwenye nyumba akaanza kukusanya vyombo wenzake wakiwa bado wanakula. Jikoni, peke yake, alikwangua mchuzi ulioganda sufuriani kwa kidole, akalamba. Ulikuwa mtamu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Ndeye alipoingia na sahani, mwenye nyumba hakugeuka.

"Hizo karanga," akasema, "ulizikaanga kwanza?"